Rubani Akiugua Angani, Nani Atashika Usukani?



Katika mkutano wa tawi mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai aliuliza swali lililowachekesha baadhi ya wajumbe. Hizi ndege ndogo zinazopita juu ya mashamba yetu, alisema, nasikia zina rubani mmoja tu. Je, akishikwa na ugonjwa huko juu inakuwaje? Sisi hatukucheka. Aliyeuliza ni mtu wa boila, naye hukaa peke yake na moto usiku kucha. Tulimwahidi jibu katika kurasa hizi.

Kwanza ieleweke kwamba ndege kubwa za abiria huendeshwa na marubani wawili au zaidi. Tarehe 9 Oktoba 2024 ndege ya shirika la Uturuki ilikuwa safarini kutoka Seattle, Marekani, kwenda Istanbul. Rubani mkuu, mtu wa miaka 59, alianguka akafa angani. Wenzake waliteremsha ndege salama New York. Shirika lilieleza kwamba mtu huyo alikuwa amepimwa afya mwezi Machi mwaka huo huo na hakuonekana na kasoro. Neno hilo la kupimwa tutalirudia.

Ndege ndogo mambo yake ni mengine. Ile iitwayo Cessna Caravan ina injini moja, hubeba watu kumi hivi, na imetengenezwa ili rubani mmoja aweze kuiendesha. Ndege za aina hiyo ndizo huwachukua watalii kutoka Entebbe hadi mbuga ya Kidepo, na huko Kongo hupeleka watu na dawa mahali ambapo barabara imekufa. Sasa tusimulie lililoipata moja ya ndege hizo.

Tarehe 10 Mei 2022 Caravan moja iliondoka visiwa vya Bahama kurudi Florida, Marekani. Ndani walikuwa watu watatu: rubani na abiria wawili. Wakiwa juu ya bahari rubani akasema kichwa kinamuuma na hajisikii vizuri. Kisha hakujibu tena. Akaangukia usukani, na ndege ikaanza kushuka kwa kasi, pua ikiangalia maji.

Abiria mmoja alikuwa amekaa nyuma, amevua viatu. Kazi yake ilikuwa kuuza vifaa vya sakafu za nyumba, na hakuwa amepata kuendesha ndege hata siku moja. Alipita juu ya viti akafika mbele, akanyoosha mikono akaushika usukani na kuuvuta polepole. Hapo alifanya jambo la akili. Mtu mwenye hofu angevuta kwa nguvu zote, na ndege iendayo kasi vile ikivutwa ghafla yaweza kuvunjika bawa, au ikapoteza upepo unaoibeba ikaanguka kabisa. Ndege ilipotulia, yeye na mwenzake wakamwondoa mgonjwa kitini.

Akaita kwa redio. Aliyemsikia ni mwongozaji wa ndege katika mnara wa Fort Pierce. Abiria alimwambia wazi kwamba rubani wake hajitambui, na kwamba yeye hajui kuendesha ndege. Alipoulizwa yuko wapi alijibu kwamba hajui, ila anaiona pwani ya Florida mbele yake. Mwongozaji hakupayuka. Alimwambia asawazishe mabawa, kisha aifuate pwani, iwe upande wa kaskazini au wa kusini, wakati wao wanamtafuta kwa rada. Wakamwona karibu na mji wa Boca Raton.

Katika uwanja wa Palm Beach, si mbali na hapo, alikuwako mwongozaji ambaye pia ni mwalimu wa kufundisha watu kurusha ndege. Wakati ule alikuwa nje, katika mapumziko yake, anasoma kitabu. Wenzake wakamwita mbio. Yeye naye alikuwa hajaendesha Caravan. Ikatolewa picha ya saa na vitufe vilivyo mbele ya rubani wa ndege hiyo, akaishika mkononi, akaanza kumwelekeza abiria kama mwalimu na mwanafunzi wake wa siku ya kwanza.

Alimpeleka Palm Beach kwa sababu njia ya kutua pale ni ndefu, karibu mita 3,000. Mtu asiyejua anahitaji nafasi ya kukosea. Akamweleza namna ya kupunguza nguvu ya injini kidogo kidogo, namna ya kuilenga njia, na kwamba breki ziko juu ya pedali za miguuni. Ndege ikagusa chini, ikakimbia, ikasimama. Marubani wa ndege nyingine waliokuwa wakingoja kuruka hawakuamini walipoambiwa kwamba ni abiria ndiye aliyeiteremsha.

Hospitalini madaktari walikuta kwamba mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni ulikuwa umechanika kwa ndani. Wengi wa ugonjwa huo hufa wasipopasuliwa upesi. Rubani alipasuliwa, akapona, na baada ya siku chache akarudishwa nyumbani.

Magazeti ya huko yalisema ni muujiza. Sisi hatubishani na mtu juu ya miujiza, lakini tunaona pia kazi ya watu. Yule mwongozaji aliitwa akaja na akili iliyopumzika, maana kazi ya rada haifanywi mfululizo zamu nzima. Mtu hutolewa akapumzika, mwingine akakaa. Na mnarani walikuwako watu wa kutosha kushughulikia ndege nyingine wakati yeye anamshughulikia mmoja. Angekuwa peke yake mnarani, angefanya nini?

Mambo hayo wenzetu wa Marekani waliyagombania. Tarehe 3 Agosti 1981 waongozaji wa ndege waligoma. Walidai mishahara, na pia wiki ya kazi ya saa 32, wakisema kazi hii huchosha akili. Rais Reagan aliwafukuza zaidi ya 11,000 kwa mara moja, na chama chao kikaondolewa haki ya kuwasemea. Waliobaki na wale walioajiriwa kujaza nafasi zile nao wakaonja kazi ile, na mwaka 1987 wakawa na chama kipya. (Tajiri hudhani akibadilisha watu ndiyo amebadilisha kazi.) Hata hivyo vita haijaisha, kwani mwaka 2025 serikali yao ilipofungwa siku 43 kwa ugomvi wa bajeti, waongozaji walifanya kazi bila kupewa mshahara hadi mwisho wake.

Turudi kwenye kupimwa. Rubani wa ndege za biashara hupimwa macho, masikio, moyo na mkojo, na akipita umri wa miaka 40 huko Marekani rubani mkuu wa shirika la abiria hupimwa kila miezi 6. Ni jambo jema, na nani kati yetu mashambani hupimwa hivyo? Lakini mshipa waweza kuchanika wiki moja baada ya cheti kutolewa. Sababu kubwa ya kuchanika huko ni shinikizo la damu, ugonjwa ambao mtu aweza kukaa nao miaka asijue. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, kama kitu kinachopasuka, na wengine huchanganyikiwa au kuzirai. Mwenye kupatwa hivyo apelekwe hospitali mara moja, asiambiwe akalale apumzike.

Tena kuna jambo la hofu. Rubani akisema kwamba anaumwa aweza kunyang'anywa cheti, na bila cheti hakuna mshahara. Basi wapo wanaonyamaza. Hili mchuma chai analijua bila kufundishwa: siku ya homa hakuna kilo, na siku isiyo na kilo hakuna posho. Kwa hiyo vyama vingi vya marubani vimetafuta bima ya kumlipa mwenzao aliyepoteza cheti kwa ugonjwa, ili kusema ukweli kusimletee njaa.

Sasa kuna watu wa biashara ya ndege wanaotaka hata ndege kubwa ziwe na rubani mmoja usukanini wakati zikiwa juu, mwenzake akilala, ili kupunguza idadi ya marubani. Wanasema mashine zimekuwa hodari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 zipo ndege ndogo zenye kitufe ambacho abiria akikibonyeza, ndege huenda ikatua yenyewe. Sisi tunakipenda kitufe hicho kwa siku ya hatari. Kukifanya sababu ya kumwondoa mtu wa pili ni habari nyingine. Vyama vya marubani duniani vimekataa, na mwaka 2025 shirika la Ulaya linalosimamia usalama wa ndege lilitoa ripoti kwamba haijathibitishwa kuwa mpango huo ni salama sawa na kuwa na marubani wawili.

Na wewe ndugu wa boila, jibu la swali lako lililojificha ndani ya lile la kwanza ni hili. Kiwandani kwenu hakuna redio wala mnara. Ukianguka saa nane ya usiku, maji yakapungua ndani ya boila na moto unaendelea, wa kwanza kujua atakuwa mlinzi wa lango, na mlinzi hakufundishwa kufunga chochote. Tumewaandikia wakubwa tukitaka mtu wa pili katika zamu ya usiku, na mlinzi afundishwe kuzima moto wa boila. Wamejibu kwamba wataangalia gharama. Mkutano nao ni mwezi ujao. Kabla ya hapo kila tawi lituletee orodha ya kazi zote zinazofanywa na mtu mmoja peke yake, yaani boila, pampu ya maji, jenereta, trekta la usiku na ghala la dawa za kunyunyizia, pamoja na saa za zamu na jina la aliye karibu naye anayeweza kusikia akiita.