Injini na Kauli ya Kutendua

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya mitambo. Ushahidi wao ni kwamba fundi hutaja injini, pistoni na gereji, na maneno hayo ni ya mkopo. Hoja hii ni dhaifu. Waingereza nao waliyatwaa pistoni na gereji kutoka kwa Wafaransa, wala hakuna anayewasuta. Sisi tulipata gari kutoka Kihindi. Nao usukani, wenye asili ya Kiarabu, uliongoza vyombo vya baharini kabla ya kuongoza magari.

Isitoshe, ujuzi haukai katika majina pekee. Hukaa pia katika vitenzi. Hilo lilinidhihirikia majuzi, mimi na mpwa wangu tulipobadilisha injini ya gari langu nyumbani kwa spana, jeki na winchi ya kuazima. Kung'oa injini ni kazi ya kutendua. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichochomekwa huchomolewa. Tulianza na waya hasi wa betri, tukamwaga oili na maji, tukaitoa rejeta, tukachomoa nyaya na mipira baada ya kuvitia alama, kisha tukafungua eksozi na bolti zinazoshikanisha injini na giaboksi. Wakati wa kupachika injini nyingine, orodha ile ile ilifuatwa kinyumenyume: fungua ikawa funga, chomoa ikawa chomeka.

Usahihi huo si pambo. Injini ya silinda 4 aghalabu huzidi kilo 100. Ikining'inia kwenye mnyororo, tofauti kati ya "shusha" na "achia" ni tofauti kati ya mguu mzima na mguu uliopondeka. Vivyo hivyo, nati iliyolegezwa ingali inashika. Iliyofunguliwa haishiki tena. Mpwa wangu alipouliza, "Mjomba, nilegeze au nifungue?" aliuliza swali la uhandisi, wala hakupungukiwa na neno.

Linalonisikitisha ni jingine. Kijana huyo alisoma fizikia kwa Kiingereza kwa miaka 4. Aliweza kukariri kanuni za kapi, lakini neno kapi lenyewe, ambalo mabaharia wa Pwani wanalo tangu jadi, hakuwahi kulisikia darasani. Hata winchi ilipokuwa mikononi mwake, hakutambua kwamba ndilo lile somo la mtihani. Kati ya darasa na gereji pana ukuta wa lugha.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ukuta huo, hata hivyo, utabomolewa na walimu. Wapeni wanafunzi insha ya maelekezo: jinsi ya kubadilisha tairi, hatua kwa hatua. Waandikisheni barua ya kuiarifu mamlaka ya usafiri kwamba nambari ya injini imebadilika. Kisha mwiteni fundi aliye jirani na shule aje asahihishe vitenzi. Huenda akawa msomi kuliko tunavyomdhania.