Amri Kumi na Kibanda Umiza

The Ten Commandments, filamu ya Cecil B. DeMille ya mwaka 1956, ina dakika 220. DeMille alijenga lango la mji wa Farao kwenye jangwa la Misri, akalijaza maelfu ya watu. Ukubwa huo ulikusudiwa ukumbi wenye giza, pazia pana, na mamia ya watu wanaoshtuka pamoja bahari inapopasuka.

Mtu wa Manzese, Dar es Salaam, aliyetaka sinema ya namna hiyo alishuka mjini, kwenye kumbi za Empire, Avalon au Odeon, au akaenda Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa 1966. Kiwanja cha Drive-In sasa ni ubalozi wa Marekani. Kwa kufa kwa kumbi hizo wengi hulaumu televisheni, nami sikubaliani nao. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, picha mpya na vipuri vya mashine vilikuwa vigumu kupatikana, na kumbi zikachakaa. ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, iliikuta sinema tayari mahututi.

Picha ndefu ikahamia uswahilini, kwenye vibanda umiza: mabati, mabenchi, deki moja. Hapo ndipo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipojijengea jina kama msimulizi wa filamu kwa Kiswahili. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza steringi ni nani, nani anamchukia na kwa nini, na akajaza pale mwandishi wa Hollywood alipodhani kila mtu anajua. Kwa filamu ya kihistoria kazi hii ina uzito kuliko kwa picha ya ngumi. Ngumi inaeleweka bila lugha, lakini ugomvi wa urithi katika nyumba ya Farao haueleweki hivyo. Naiona kazi hiyo kuwa sanaa kamili, na inanisikitisha kwamba tuliiita uchakachuaji.

Kilichoiondoa picha kibandani ni hesabu. Mpira wa Ulaya unachukua dakika 90, kila wiki ni mpya, na hauhitaji msimulizi. Katika muda wa filamu moja ya DeMille, mwenye kibanda anaonyesha mechi mbili na kukusanya viingilio mara mbili. Kisha simu ikaja. Wasimulizi hawakufa; wamehamia kwenye sizoni, zinazobebwa kwa flashi na kutazamwa na mtu mmoja kitandani. Hakuna tena jirani wa kumuuliza kwenye benchi kama Musa kweli aliua.

Kanda za Lufufu nazo ziko hatarini. Zilirekodiwa juu ya filamu za wengine bila ruhusa, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ni vigumu kwa taasisi kuzihifadhi hadharani. Lakini sauti ile ni ya Kiswahili, na ni kazi yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisicho mbali na Manzese, kingeweza kutafuta kibali cha utafiti na kuzikusanya kutoka kwa waliokuwa wakizikodisha, kabla ukungu haujazimaliza.