Mtoto wa Malezi ya Kambo Anapohama: Wajibu wa Familia na Jumuiya



Wapendwa waamini, katika parokia zetu zimo familia zilizofungua milango yao kwa watoto wasiowazaa. Siku mtoto anapopokelewa, Jumuiya hufika, husali na kufurahi pamoja na wenye nyumba. Siku anapoondoka huzungumziwa kidogo sana. Pengine mtoto hukuta nguo zake zimekwisha kufungwa, akaambiwa, "Leo unakwenda kukaa kwa watu wengine," na safari ikaanza. Tumeona vema kuieleza siku hiyo, kwa sababu kuondoka vibaya kwaweza kubomoa mengi aliyojengewa mtoto alipokuwa katika nyumba ile.

Malezi ya kambo ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku, neno kambo hutukumbusha mke au mume wa mzazi wetu. Katika huduma za ustawi wa jamii nchini Tanzania, malezi ya kambo ni kumweka mtoto anayehitaji ulinzi katika familia isiyo yake, kwa idhini ya mamlaka na kwa usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Jambo hili hutofautiana na kuasili. Anayeasili hupewa mtoto kwa amri ya mahakama, akawa mwanawe moja kwa moja. Mlezi wa kambo hupewa dhamana ya muda. Kwa hiyo kuondoka kwa mtoto ni sehemu ya malezi hayo tangu siku ya kwanza, na mlezi mwema hujiandaa kwa ajili yake mapema.

Mtoto huondoka kwa njia mbalimbali. Yupo anayerudi kwa wazazi au ndugu zake baada ya hali ya nyumbani kutengemaa. Yupo anayehamishiwa familia nyingine au makao ya watoto. Yupo anayeasiliwa. Yupo pia anayetimiza umri wa utu uzima akaanza kujitegemea.

Nani anayeamua?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Inaagiza kwamba maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza katika mambo yanayomhusu, na inampa haki ya kutoa maoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unafundisha vivyo hivyo. Ibara ya 12 inataka mtoto asikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake. Ibara ya 20 inataka malezi yake yasikatwekatwe, na dini, utamaduni na lugha yake viheshimiwe. Ibara ya 25 inataka hali ya mtoto aliyewekwa mahali kwa ajili ya malezi ichunguzwe mara kwa mara.

Basi familia haina mamlaka ya kumpeleka mtoto kwingine kwa uamuzi wake yenyewe, hata kama anayempokea ni ndugu au muumini mwenzetu. Nyumba isiyochunguzwa yaweza kuwa na hatari tusiyoijua. Wapo watoto walioahidiwa shule mjini, wakaishia kuosha vyombo na kulea watoto wa wengine. Kila uhamisho upitie kwa afisa ustawi wa jamii. Anayeona mtoto yuko hatarini aweza pia kupiga simu ya mtoto, namba 116, isiyo na malipo.

Familia inapochoka

Wapo walezi wanaofika mahali wakaona hawawezi kuendelea: ugonjwa umeingia nyumbani, kipato kimepungua, au tabia ya mtoto imewazidi nguvu. Kukiri hivyo si dhambi. Hatari ni kunyamaza hadi hasira ilipuke na mtoto afukuzwe usiku mmoja. Walezi wamweleze afisa na paroko mapema. Mara nyingine msaada mdogo wa Jumuiya hutosha kuokoa malezi yenyewe. Tena, mlezi asimtishe mtoto kamwe kwa maneno, "Ukikosa tena nitakurudisha." Mtoto aliyekwisha kupoteza wazazi huamini upesi kwamba kila kuhama ni adhabu ya kosa lake.

Kumwandaa mtoto

Mtoto aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake: anakwenda wapi, kwa nini, na nani atakuwapo. Ikiwezekana, awatembelee kwanza watakaompokea, zaidi ya mara moja. Apewe nafasi ya kuwaaga walimu, marafiki na Jumuiya. Nguo, daftari na picha zake viwekwe kwenye begi lililo lake, si kwenye kiroba. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya uhamisho wa shule viambatane naye. Baada ya kuondoka, walezi wa zamani waweza kumjulia hali kwa utaratibu uliokubaliwa na afisa. Nao wakilia, waacheni walie. Mtoto akijua kwamba aliliwa, atajua kwamba alipendwa.

Wajibu wa Kanisa

Kwa kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa, mtoto mchanga hubatizwa kihalali kwa ridhaa ya wazazi, au walau mmoja wao, au ya wanaoshika nafasi yao kihalali. Mlezi wa kambo asiharakishe ubatizo bila kumwona paroko, kwa sababu huenda mzazi yupo na mtoto atarudi kwake. Aliyekwisha kubatizwa apewe cheti chake anapohama, ili mapadre wa parokia anakokwenda wamwendeleze katika sakramenti. Msimamizi wake wa ubatizo naye hakomi kuwa msimamizi kwa sababu mtoto amebadili nyumba. Mara nyingi ndiye mtu pekee anayeweza kumfuata mtoto kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zishikane mikono: inayomwaga mtoto imjulishe mwenyekiti wa inayompokea, pasipo kutangaza siri za maisha yake. Na anayetimiza miaka 18 asiachwe aondoke kimya kimya. Atahitaji nyumba ya kurudi Krismasi, na mtu wa kusimama upande wake siku ya posa.

Tumtazame Mtakatifu Yosefu, Mlishi wa Bwana Yesu. Injili ya Mathayo, sura ya 2, inatuonyesha akimhamisha Mtoto usiku kwenda Misri, kisha kumrudisha nchi ya Israeli, na hatimaye kumpeleka Nazareti. Hakumhamisha kwa kuchoka wala kwa kutafuta nafuu yake mwenyewe. Alihama ili Mtoto aishi, naye akasafiri pamoja naye. Kabla ya kumhamisha mtoto yeyote tuliyekabidhiwa, tujiulize: je, ni kwa ajili yake, au ni kwa ajili yetu?

Mtakatifu Yosefu awaombee walezi wote na watoto waliokabidhiwa kwao. Amina.