Zawadi Ndogo Zilizonyamazisha Bunduki

Krismasi ni sikukuu ya Wakristo, lakini amani ni haja ya kila mtu. Sisi tuliofunguliwa macho na chuo cha Kurani kabla ya kukalia madawati ya shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kupeana zawadi huzaa mapenzi. Kwa hiyo hatuoni ugeni wowote kuizungumza leo habari ya Krismasi ya mwaka 1914, ambayo yafaa kila mwenye dhamana ya kuongoza watu aijue.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijatimiza miezi mitano. Huko Ubelgiji, karibu na mji wa Ieper, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamejichimbia katika mahandaki yaliyokaribiana hata sauti zikasikika upande wa pili. Usiku wa tarehe 24 Desemba Wajerumani waliwasha mishumaa, wakaanza kuimba. Waingereza wakajibu kwa nyimbo zao. Kulipokucha, watu wakatoka bila silaha, wakapeana mikono, wakazika maiti waliokuwa wamelala katikati, wakabadilishana sigara, vyakula na vifungo vya makoti. Haikuwa hivyo kila mahali. Ziko sehemu ambako risasi zililia na watu wakafa siku hiyo hiyo.

Jambo moja latupasa tulitafakari. Askari wa Kiingereza walikuwa wamepelekewa visanduku vidogo vya shaba, vyenye tumbaku na kadi, kwa mchango uliokusanywa kwa jina la Binti Mfalme Mary. Zawadi hiyo ilikusudiwa kumtia moyo askari apigane. Lakini tumbaku ikishafika mkononi mwa mtu huwa ni mali yake, naye aweza kumpa amtakaye. Wako waliompa adui.

Wakubwa wa majeshi hawakupendezwa. Mwaka 1915 zilitolewa amri kali jambo hilo lisirudiwe. Vita vikaendelea hadi tarehe 11 Novemba 1918, na katika Afrika yetu hadi tarehe 25 Novemba, Von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Wapagazi wetu, waliobebeshwa mizigo ya pande zote mbili katika ugomvi usiokuwa wao, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kuwa ukumbusho wao.

Je, sisi tunajifunza nini? Hapa Shishiyu, Mkoa wa Simiyu, hatuhitaji kwenda Ubelgiji kutafuta mfano. Wasukuma wanazo tangu karne ya 19 jumuiya mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zilizotokana na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Pande hizo hupiga ngoma zikitazamana, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Maneno makali yanaimbwa, dawa zinatajwa, lakini jioni watu wanarudi nyumbani wazima. Huko Bujora, Mwanza, Padre David Clement aliyaingiza mashindano hayo katika sikukuu ya Kanisa, nayo ndiyo Bulabo. Uhasama uliopewa uwanja na taratibu hauhitaji mkuki.

Ndugu zetu wa visiwani nao wanalijua jambo hili. Katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka kimalizike, wanawake wakiimba, kisha wageni wanakaribishwa kula. Chakula hicho ni zawadi ndogo. Asiyekuwa na mgeni siku hiyo hujiona amepungukiwa.

Hata hivyo, tusijidanganye. Wimbo haurudishi ardhi iliyoporwa. Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, wananchi walichangia chakula na mifugo kwa wapiganaji wetu, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Krismasi ya mwaka huo tulikuwa vitani. Kuna saa ya kutoa ng'ombe kwa ajili ya askari, na kuna saa ya kumpelekea jirani kibaba cha mtama.

Hatuna budi basi kuwaasa viongozi wetu. Ngoma isiwe pambo la kumpokea mgeni rasmi tu, kisha ikasahauliwa. Pale ambapo mkulima na mfugaji wanagombea malisho, au wavuvi wanagombea maji, mkutano uitishwe mapema, ngoma ipigwe, watu wale pamoja, kisha shauri likatwe kwa haki siku hiyo hiyo. Askari wa mwaka 1914 walinyoosha mikono, lakini hawakuwa na madaraka ya kumaliza vita. Wenye madaraka walikuwako, wakakataa. Tofauti hiyo ilichukua roho za mamilioni ya watu.