Vakansi bila kwenda mbali: namna ya kuchagua kijiji cha kutembelea katika Lualaba

Mwezi wa saba ukifika na masomo yakifungwa, swali ni moja katika nyumba nyingi za Kolwezi: "Papa, mwaka huu tunaenda wapi?" Wenye uwezo wanaenda Lubumbashi au wanavuka mpaka kwenda Zambia. Wengine wanabaki mjini, katika vumbi ya malori ya madini, na watoto wanarudi shuleni bila kuona kitu kipya.

Lakini ndani ya jimbo letu, na kwa majirani wa Haut-Katanga, kuna vijiji na miji midogo ambayo familia inaweza kutembelea siku mbili tatu bila kumaliza mshahara wote. Kazi ngumu ni kuchagua. Mtu akikosea, anajikuta njiani usiku na motokari imekwama, ao anafika mahali ambapo hakuna mtu alikuwa anamungojea. Haya ni maswali matano ya kujiuliza mbele ya kufunga mizigo.

1. Kijiji kile kiko na nini chake chenyewe?

Wafaransa walijiuliza swali hili zamani. Tangu 1982 wako na chama kinachoitwa Les Plus Beaux Villages de France. Kijiji kinachotaka kuingia kisipite wakaaji 2.000, na kiwe na angalau mahali pawili panapolindwa na sheria juu ya historia ao uzuri wake. Ona vizuri: hawaanzi na kuuliza kama kuna hoteli kubwa. Wanaanza na kile kijiji kinacho ambacho hakipatikane pengine.

Kwa kipimo hicho, Lualaba haiko maskini. Chukua Bunkeya, katika teritware ya Lubudi. Leo ni mahali padogo, lakini katika karne ya 19 ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mwami wa Bayeke. Watu wake walitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba. Kutoka Bunkeya misafara ilibeba shaba, chumvi, pembe za tembo na, ni lazima kusema, watumwa pia, kwenda pwani ya Mashariki na pwani ya Angola. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, Msiri aliuawa kwa risasi na kapiteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold II. Bodson naye alipoteza maisha. Hadi leo Bayeke wanakumbuka siku ile kila mwaka. Mtoto anayesoma habari hii katika kitabu, halafu akasimama Bunkeya mwenyewe, hataisahau tena.

Mwenye kutaka historia ya Balunda atawaza Musumba, makao ya Mwant Yav, katika teritware ya Kapanga. Mwenye kutaka maji na hewa tu, ziwa Nzilo liko karibu zaidi, kaskazini mwa Kolwezi. Ziwa hilo lilizaliwa katika miaka ya 1950, wakati mto Lualaba ulifungwa kwa barrage juu ya kupata umeme wa migodi. Na mwenye kupenda maporomoko ya maji, Kiubo, kwenye mto Lufira, ni mahali pa kuona na macho.

2. Njia inapitika wakati gani?

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Kilometa haziseme ukweli wote. Kilometa mia moja kwenye goudron na kilometa mia moja kwenye udongo wakati wa mvua si kitu kimoja. Kwa kweli vakansi kubwa ya mwezi wa saba na wa nane inaanguka katika kipwa, na ndio wakati mzuri: njia imekauka, na mbu wamepunguka. Chukua tu nguo za kujifunika, juu baridi ya usiku katika miezi hiyo inauma, sana sana karibu na maji.

Sikukuu ya Bunkeya, yenyewe, inaanguka katikati ya mvua. Mwenye kuitaka aulize hali ya njia kwa madereva wa siku hiyo, si wa mwezi uliopita, na apange siku moja ya ziada. Na Musumba si safari ya mwisho wa juma. Ni mbali sana, na inaomba motokari yenye nguvu na wakati wa kutosha.

Kuhusu treni: njia ya reli inayopita Mutshatsha na Kasaji kwenda Dilolo iko tangu 1931, na miji ile midogo ilikomaa pembeni ya gare zake. Lakini mbele ya kuahidi watoto safari ya treni, pita kwanza kwenye gare uulize kama iko na itatoka siku gani.

3. Maji yanatoka wapi?

Katika nchi ya migodi, swali hili ni la afya, si la uzuri. Katika 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na cobalt nyingi sana katika mkojo wao, na watoto walikuwa katika hatari zaidi. Ziwa Tshangalele, karibu na Kapolowe, ni zuri kwa macho. Lakini mto Panda, unaopita Likasi na viwanda vyake, unapeleka maji yake upande ule.

Haina maana kwamba usiende. Ina maana: uliza kiwanda gani kiko juu ya mto. Beba maji ya kunywa ya kwenu. Na mbele ya kuacha watoto waingie majini, uliza wavuvi kuhusu mamba, viboko na bilharzia. Wale ndio wanajua.

4. Nani atakupokea?

Kijiji si hoteli. Ni nyumba ya watu. Ukifika, salamu ya kwanza ni kwa chifu ao kwa mzee anayemuwakilisha, na hauendi mikono mitupu. Vizuri zaidi, tuma habari mbele kupitia ndugu, paroisse ao mwalimu wa kule. Mahali pengi pa kulala ni kwa misheni, na vyumba ni vichache. Kadi yako ya mchaguzi iwe mfukoni, na feza ndogondogo za peyaje pia. Usipige foto ya barrage, daraja, mgodi ao kaburi la mwami bila ruhusa. Picha moja inaweza kukumalizia siku nzima mbele ya askari.

5. Feza yako itabaki wapi?

Swali hili watalii hawalipende, lakini kwetu ndilo lenye uzito. Kwa Kanuni ya Migodi ya 2018, asilimia 15 za redevance ya madini zinapaswa kwenda kwa sekta, shefri ao komini ambamo mgodi unafanya kazi. Kijiji kisicho na mgodi hakina haki ya feza ile. Mto wake na kumbukumbu zake haviingize hata franka moja, ila mgeni akija na kulipa.

Kwa hiyo usitoke Kolwezi na kila kitu katika motokari. Bukari, samaki, matembele na munkoyo vinunue kule kule. Lipa kijana akuonyeshe njia, na mulipatane bei mbele ya kuanza kutembea. Mama anayeuza samaki mara tano kwa wageni ataanza kutetea usafi wa ziwa lake kwa nguvu zote. Na siku mtu atakuja na karatasi akisema kilima kile hakina faida isipokuwa kuchimbwa, wakaaji watakuwa na hesabu yao ya kumujibu.

Ndugu zetu wa Kalemie, Manono na Kamina, maswali haya matano yanafaa kwenu pia. Badilisheni tu majina ya mito.