Hisa za Man United unanunua, kura wanabaki nazo akina Glazer

YEYOTE mwenye dalali katika Soko la Hisa la New York anaweza kununua hisa ya Manchester United leo na kutamba kijiweni kuwa naye ni mmiliki. Shida inaanza siku ya kupiga kura.

Klabu ilipoingia sokoni Agosti 2012, hisa moja ikiuzwa Dola 14, ziliwekwa hisa za aina mbili. Kundi A ndizo wanazouziwa watu wote, kila hisa kura moja. Kundi B zikabaki kwa familia ya Glazer, kila hisa kura 10. Piga hesabu ya haraka: kampuni ina hisa 100, 70 ni B na 30 ni A. Wenye A wana kura 30, wenye B wana 700. Hapo hakuna mechi.

Na bado. Kwa maamuzi mazito yanayohitaji theluthi mbili ya kura, Kundi B limehakikishiwa asilimia 67, alimradi hisa zake zisishuke chini ya asilimia 10 ya hisa zote.

Yote hayo ni halali. Kampuni iliyoingizwa sokoni imesajiliwa Visiwa vya Cayman, kule Karibi, ambako sheria inawapa wenye kampuni uhuru mkubwa wa kupanga kura watakavyo. Mei 2021 mashabiki wenye hasira walivamia Old Trafford hadi mechi na Liverpool ikaahirishwa. Akina Glazer hao, wakabaki.

Sir Jim Ratcliffe hakuingia kichwakichwa. Desemba 2023 alikubali kuchukua asilimia 25 ya A na asilimia 25 ya B, zote kwa Dola 33 kila hisa. Angebeba A tupu, hata zote, angekuwa shabiki tajiri tu mwenye kiti kizuri.

Hesabu hizi zinakuja Kariakoo, maana Simba na Yanga zimo kwenye safari ya kuwa kampuni. Sharti la Serikali ni wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Tangu Desemba 2017, Mohammed Dewji alipotangazwa mshindi wa zabuni ya Simba kwa Sh20 bilioni, vijiweni kinachobishaniwa ni mkwanja. Kura, kimya.

Sheria ya Makampuni ya 2002 inasema azimio la kawaida hupita kwa wingi wa kura. Hapo 51 inatosha, wanachama wakisimama pamoja. Lakini kubadili katiba ya kampuni kunataka azimio maalumu, robo tatu ya kura. Kwa hiyo kama kila hisa ina kura moja, wenye 51 hawagusi kifungu hata kimoja bila mwenye 49 kukubali, na yeye hawezi bila wao. Na kama hisa hazitakuwa na kura sawa, kifungu hicho kitakuwa ndani ya katiba hiyohiyo, kimeandikwa kabla hisa ya kwanza haijagawiwa.