Rimoti Bila Televisheni

Burnt Forest, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ni mji wa viazi, baridi na kumbukumbu nzito. Vita vya kikabila viliupiga mwaka 1992, vikarudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mzaliwa wa hapo anaweza kupanda jukwaani peke yake, akasimulia masaibu yake kwa saa nzima, watu wakacheka bila kuumizana? Anaweza, ila kuna ufundi wake.

Watafiti Peter McGraw na Caleb Warren walieleza mwaka 2010 kwamba tunacheka pale jambo linapoonekana baya na salama kwa wakati mmoja. Uchungu ukiwa mbichi, usalama haupo. Kimbunga Sandy kilipoipiga Marekani mwaka 2012, McGraw na wenzake walipima mizaha kukihusu: maafa yalipokuwa mabichi haikuchekesha, ikafika kilele baada ya siku 36 hivi, kisha ikachuja. Lakini kimbunga hakikuchomei nyumba kisha kikakusalimia sokoni. Burnt Forest muda peke yake hautoshi.

Kinachosaidia ni kitu kidogo cha kushika mkononi. Chukua mfano huu niliojitungia: familia inakimbia usiku, baba anarudi ndani. Wote wanadhani amefuata hati ya shamba. Anatoka na rimoti. Televisheni imebaki. Kambini, kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, msimuliaji, wakati huo mtoto, anaielekeza rimoti hiyo kwa mzee anayekoroma katika hema la pili na kubonyeza apunguze sauti. Kicheko kimewaangukia baba na mwana, si waliochoma. Hofu iko pale pale, ila msikilizaji amepata pa kupumulia.

Hapo ndipo wachekeshaji wetu wengi huteleza, maana wamezoea mzaha wa lafudhi: Mkalenjin anaongea hivi, Mkikuyu anapenda pesa. Nairobi watu huvunjika mbavu. Burnt Forest, ukiigiza lafudhi ya aliyekuja na mishale, ukumbi unagawanyika papo hapo. Watanzania wana watani, makabila yanayoruhusiwa kutaniana hata msibani. Sisi wa Bonde la Ufa hatuna kibali hicho. Tulichopata ni Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayoharamisha matamshi ya chuki. Anayesimama peke yake hujitania mwenyewe kwanza, kwa kuwa huyo hahitaji kumwomba ruhusa.

Gharama humwangukia msimuliaji. Mchekeshaji Hannah Gadsby wa Australia, katika onyesho la Nanette lililorushwa Netflix mwaka 2018, anasimulia kisa cha kuponea chupuchupu kupigwa, watu wanacheka. Baadaye anakirudia: kumbe alipigwa, na kila alipokikata penye kicheko, jeraha lilibaki wazi. Mchekeshaji wetu naye atafika hapo. Baada ya rimoti, aseme ni nani hakufika kambini? Ningemshauri aseme, mara moja, bila mzaha, mapema kiasi cha watu kupata nafasi ya kucheka tena, kwa sababu wakitoka watapanda matatu moja kurudi nyumbani.